Dredi Zilizotazama Gakindu

Wewe unayesoma hii, umewahi kuona nywele ikiangalia mahali? Sisemi kupeperushwa na upepo, wala kulaliwa upande mmoja usiku. Nasema kuangalia, vile mbwa huangalia geti mwenye nyumba akichelewa kurudi.

Wendy wa Giakanja aliona, na nywele yenyewe ilikuwa kichwani mwake.

Wendy alikuwa na digrii, second class upper, karatasi ambayo katika nchi hii inafaa sana kufunikia hotpot ya githeri. Nywele ya mbele ilianza kumtoroka akiwa third year, weave juu ya weave, imekazwa mpaka nyusi zinapanda. Alipomaliza chuo akakaa nyumbani kwa mama yake akituma CV ambazo hakuna aliyezijibu, nywele iliyobaki nayo ikachoka kungoja. Ilitoka kwa kitana, ikatoka kwa mto, ikaziba shimo la bafu. Alijaribu kila kitu. Maji ya mchele, juisi ya kitunguu, mafuta ya castor, mbegu za uwatu. Kichwa kikanuka pilau na nywele haikurudi.

Daktari wa ngozi pale Nyeri alimwambia ukweli: acha kuvuta hicho kichwa, kiache kipumzike, itaota polepole, na pengine si kila mahali. Akatii. Akajifunga kitambaa miezi mingi, na kweli pale mbele pakaanza kutoka kitu kidogo, laini kama ndevu za mahindi machanga. Alikuwa anakigusa kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso.

Hapo ndipo kazi ikapatikana. Sacco moja mjini, front office, kwa majaribio. Digrii hawakuomba kuiona. Walichokagua ni kichwa.

"Toa hiyo kitambaa," meneja wake, Mwai, alimwambia siku ya kwanza. "Customer akikuona hivyo atadhani tuko na matanga hapa. Wikendi ikiisha nataka kukuona ukiwa presentable."

Ndiyo maana Jumamosi ikamkuta kwa saluni ya Sophie, nyuma ya soko. Sophie alikuwa na dawa ya shida yake: dredi za human hair, ndefu, nyeusi, zinashikishwa na sindano ya crochet kwa ile nywele kidogo mtu aliyo nayo.

"Ni za nani?" Wendy aliuliza.

"Ukinunua kuku unauliza jina yake?"

"Si mchezo, Sophie."

"Ni za mtu alikuwa nazo, sasa hana. Kaa chini, wee. Hizi haziwezi kukuvuta, ni light. Nywele yako itakua humo ndani, na hakuna mtu atajua uliwahi kuwa na kipara."

Wendy akakaa. Chini ya harufu ya mafuta ya shea kulikuwa na harufu nyingine, baridi, ya kuchoma pua, kama korido ya hospitali baada ya kupigwa deki. Sophie akafungua dirisha na kusema ni sabuni. Alifanya kazi yote amevaa glavu, na Wendy akaona ni usafi tu.

Asubuhi iliyofuata, dredi zote zilikuwa zimelala upande wa kushoto wa mto, zimenyooka, zimepangana kama mtu amezichana. Akacheka. Usiku huo akalala kichwa amekiweka palipokuwa na miguu. Alipoamka zilikuwa kulia. Ikamchukua muda, amekaa kitandani na meno hajapiga mswaki, kuelewa kwamba zinaelekea ukuta uleule.

Kazini, aliyesema ni Khisa, askari wa mlangoni, mtu wa Bungoma asiyependa maneno mengi.

"Madam, kwani wewe ni wa Mukurweini?"

"Mimi ni wa Giakanja. Kwa nini?"

"Nywele yako inaangalia Mukurweini tangu tufungue. Umeenda kuchukua file, ikaangalia huko. Umerudi, bado inaangalia huko." Hakuwa anacheka. "Kwetu tungekuwa tumeita mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa kuuliza hiyo nywele inataka nini."

Wendy akaingia choo cha wafanyakazi, akafunga mlango na kusimama mbele ya kioo. Akageuka polepole kwenda kulia. Bega likageuka, uso ukageuka. Dredi hazikugeuka. Zilimpitia shavuni, zikamfunika mdomo, zikabaki zinaelekea kule kule, na alipomaliza mzunguko wote zilikuwa zimemzunguka shingo mara moja, taratibu, kama skafu.

Mtu mwenye akili angezing'oa siku hiyo. Lakini akili ya mtu aliyepoteza nywele tusiicheke. Pale mbele, palipokuwa na zile ndevu za mahindi, palianza kujaa. Nywele nzito, nyeusi, ya kujikunja, ikishuka kila siku kama nyasi za mvua. Mashimo ya pembeni yakaziba. Mama yake alimtazama jikoni akasema Mungu amejibu. Mwai akamwita ofisini, akamsifu, akampa barua ya kazi ya kudumu. Wendy alilia kwa furaha huku shingo ikimuuma, na hakumwambia mtu.

Kisha zikaanza kuvuta.

Mwanzoni ilikuwa ni mvuto mdogo, kama mtoto anayekuvuta sketi sokoni, halafu ukawa wa mkono wa mtu mzima, na ikawa akiketi kwenye kaunta lazima ashike meza kwa mkono mmoja huku akiandika kwa mwingine, na ile harufu ya baridi ikawa inamjia mchana kweupe katikati ya wateja, na ndani ya masikio yake, hata redio ikilia, hata watu wakibishana kwenye foleni, kulikuwa na sauti ya mkasi, kacha, kacha, kacha, usioharakisha, mkasi wa mtu anayekata kitu kinene kisichoweza kumkataza, na usiku alijifunga kitandani kwa leso ili asiamke amesimama tena ukutani, paji la uso limebanwa kwenye mawe, akijaribu kupita.

"Wendy," mama yake alinong'ona kutoka chumba cha pili. "Nani anakata nguo saa hii?"

"Unasikia?"

"Si nauliza wewe."

"Lala, maitu. Usikuje huku."

Kesho yake alirudi kwa Sophie azitoe. Sophie akachambua shina moja, kisha lingine, akitafuta pale alipounganisha. Hapakuwa na kiungo. Nywele ya Wendy na ile nyingine ilikuwa kitu kimoja kutoka ngozini mpaka nchani. Akajaribu kukata ncha ya moja tu, na Wendy akajikunja kwenye kiti kama aliyekatwa kidole. Kwenye mkasi kulikuwa na tone la damu.

"Mimi sigusi hiyo kichwa tena," Sophie alisema, akiwa ameshafika mlangoni. "Nenda kanisani."

"Ni za nani, Sophie?"

Sophie akazima taa za saluni yake mwenyewe na kumwacha ameketi humo.

Mwenye jibu alikuja mwenyewe kwenye kaunta, Jumamosi asubuhi: mzee mmoja mwenye koti la kanisani, anaitwa Wambugu, wa Gakindu kule Mukurweini, ameleta cheti cha kifo cha binti yake adai akiba yake. Wendy alinyoosha mkono kukipokea. Dredi zote zikaanguka mbele, zikapita juu ya kaunta, zikalala juu ya mkono wa yule mzee.

Mzee hakuutoa mkono. Moja ya dredi ilikuwa imezungushiwa uzi wa gunia la kahawa, ambao Wendy siku zote alidhani ni pambo. Mzee akaushika kwa vidole viwili.

"Huu uzi nilifunga mimi," alisema polepole. "Kabura?"

"Mimi ni Wendy, guka."

"Najua. Naongea na huyu."

Khisa akawaletea viti kando, akasimama kati yao na wateja wengine, na mzee akaeleza kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa na dirisha. Kabura alikuwa ameugua saratani. Dawa zilimtoa nywele yote, hata nyusi. Alipopata nafuu ikaota upya, akaapa hakuna mkasi utaigusa tena, akaiacha ijisokote mpaka ikafika kiunoni. Ugonjwa uliporudi alikataa dawa. Alimwomba baba yake kitu kimoja tu: nizikwe na nywele yangu.

"Na mkamzika bila."

"Mama mchungaji alisema mwili wenye dredi hautalazwa mbele ya madhabahu. Ati ni ya mashetani, itaaibisha kanisa. Wazee wakanyamaza. Mimi pia nikanyamaza. Tukatuma msichana wa saluni mochari. Akamkata, akamvalisha wigi fupi, tukapiga picha. Tulimwambia azichome."

Kwa hiyo huo ndio mkasi aliokuwa akiusikia.

"Nizitoe vipi?" Wendy aliuliza. "Zinanivuta, guka. Siku moja zitaenda na ngozi."

"Hutazitoa. Utazirudisha kaburini kwake. Lakini msichana wa saluni lazima aje."

Khisa ndiye aliyemleta Sophie. Hakusema alitumia lugha gani. Wakaingia kwenye probox ya jirani ya mzee, na kila kona barabara ilipopinda, dredi zilipinda kinyume, zikishika njia yao zisiikose, mpaka walipofika juu ya Gakindu zilikuwa zimesimama mbele ya uso wa Wendy kama mikono ya kipofu.

Kaburi lilikuwa kati ya miti ya kahawa. Mzee alikuwa amemwita Magdaline, mama wa dhehebu la Wakorino, mwenye kilemba cheupe na miguu mitupu, ambaye watu wa hapo humtafuta wakishindwa na wachungaji wao. Hakupiga ngoma, hakupiga kelele. Alimtazama Wendy, akatazama ardhi.

"Huyu si jini wa kufukuzwa," alisema. "Huyu ni mtu anadai. Mtamfukuza aende wapi na hapa ni kwake? Wambugu, ongea na mtoto wako. Sema ile kitu ulifanya, usiipunguze."

Mzee akapiga magoti. "Kabura, nilikuahidi. Nikaona aibu ya watu. Nikakubali ukatwe."

"Na wewe wa mkasi."

"Waliniambia nichome," Sophie alisema. "Nikaona ni pesa inaungua. Nikauza."

Dredi zikalegea. Kwa mara ya kwanza tangu zishikishwe zililala mabegani mwa Wendy kama nywele ya kawaida, nzuri, nzito, na chini yake alihisi nywele yake mwenyewe, mbele mpaka nyuma, kichwa kizima ambacho alikiota kwa miaka.

"Ukitaka unaweza kwenda nyumbani hivyo," Magdaline alimwambia kwa upole. "Utakuwa na siku kadhaa. Halafu atakuja kukuchukua wewe mzima."

"Ile yangu haitabaki?"

"Yako iko wapi? Nionyeshe."

Wendy akajigusa. Akatafuta ile laini, ile ya ndevu za mahindi. Haikuwepo. Ililiwa zamani, na yote iliyoota juu yake ilikuwa ya Kabura.

"Kata," alimwambia Sophie.

Mkasi ukapita, damu ikatoka kidogo, lakini safari hii haukuuma. Kila dredi iliyoanguka haikulala ilipoangukia. Ilijivuta kwenye majani makavu ya kahawa, kwa sauti ndogo kama nyoka anayerudi shimoni, ikaingia kwenye kijishimo ambacho mzee alikuwa amechimba upande wa kichwa cha kaburi. Sophie alikata akilia. Alipomaliza, upepo wa mlimani ulimgusa Wendy utosini pote, na hakukuwa na chochote cha kuuzuia.

Mzee akafukia. Udongo ukakaa, kisha ukapanda. Akaukanyaga, ukapanda tena, kama kifua cha mtu anayepumua.

"Hizi si zote," Magdaline alisema.

Wote wakamgeukia Sophie.

"Zingine niliuza kabla ya hizi," alinong'ona. "Nilizifumua, nikashona wigi. Kuna mama nywele yake imeisha, hataki watu wajue. Hakuniuliza ni ya nani. Nyinyi wote hamuulizangi."

"Mama gani?"

Sophie alitazama chini ya bonde, kwenye kanisa la mabati ya buluu, ambako kikao cha akina mama kilikuwa kikiimba.

Waliingia kupitia mlango wa mbele, Wendy ametangulia, kichwa kitupu chenye mistari ya damu, na wimbo ukafa benchi kwa benchi. Pale mbele alisimama mama mchungaji, na nyuma yake mumewe na wazee, wale wale walionyamaza. Mama mchungaji alikuwa amejifunga kilemba kikubwa cha zambarau. Aligeuka kuwatazama. Kilemba hakikugeuka naye. Kilibaki kimeelekea dirisha la upande wa mashamba ya kahawa, na chini ya kitambaa kitu kilikuwa kinasukuma, taratibu, kikitafuta mahali pa kutokea.

"Mtoto, hapa ni nyumba ya Mungu," mama mchungaji alisema, mkono mmoja ukiwa umeshikilia kilemba kwa nguvu. "Unataka nini?"

"Fungua kilemba," Wendy alisema. "Ufungue mbele ya hawa wote, useme hiyo nywele mlimnyang'anya nani akiwa amelala hawezi kukataa. Kisha upande hiyo njia kwa miguu yako, umpelekee. Na ninyi wazee mlionyamaza, chukueni majembe mumfuate. Leo, kabla Kabura hajashuka kuichukua mwenyewe."