Kitufe cha Kumi

Kitu cha kwanza kilikuwa joto. Kabedi aliingia ofisini saa moja na nusu asubuhi, jenereta haijawashwa, akaweka vidole juu ya kompyuta mpya akakuta vitufe vina joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na harufu kidogo ya nywele zilizoungua. Akajifuta vidole kwenye kikwembe alichojifunga, akajiambia ni jua, ingawa dirisha lile linatazama magharibi.

Kompyuta yenyewe ilikuja na treni kutoka Lubumbashi, mwaka wa themanini na nane, ikafikia ofisi moja ya usafirishaji pale mtaani Kasuku, wakati bado tunaitana citoyen na citoyenne, yaani raia, na kukiimbia chama nyimbo kabla ya kushika kazi. Juu ya vitufe kumi vya mstari wa kwanza palibandikwa ukanda wa kartoni, kazi ya mpiga mashine wa zamani: cha kwanza huhifadhi, cha tatu hukata aya na kuihamisha, cha saba huleta kichwa cha barua bila kukiandika upya. Kabedi alikariri yote kwa siku mbili. Alikuwa na sababu zake. Mazutu, ile dizeli ya jenereta, ilitosha saa tatu tu kwa siku, na barua isiyohifadhiwa, moto wa umeme ukikatika, imekwenda na maji. Tena nyumbani alikuwa na Adèle, binti wa miaka sita. Jina hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote, maana majina ya Kizungu yalikatazwa kuandikwa. Lilikuwa jina la ndani, la mama na mwana. Baba yake alikwenda Kampene kuchimba madini, akasahau njia ya kurudi. Kila dakika Kabedi aliyoipunguza kazini, alikuwa anamwekea mtoto yule.

Kitufe cha kumi peke yake kiliandikwa kwa mkono, wino wa buluu, neno moja la Kiswahili: MALIZA.

Siku hiyo shefu Kalonji alimtupia mezani barua arobaini za uhamisho. "Citoyenne, mbele ya saa sita." Na Adèle yuko kwa jirani, Mama Clémentine, anatetemeka na homa! Kabedi akautazama ukanda. Kumaliza njo alichotaka. Akabonyeza.

Akapepesa macho. Barua arobaini zilikuwa mezani, zimechapwa, zimepangwa, hazina kosa hata moja. Saa ya ukutani ilikuwa imesogea dakika nne. Vidole vilimwuma hadi kwenye viwiko, na ile harufu ya nywele ilikuwa nzito zaidi. Mwingine angekimbia. Yeye alikimbia kweli, lakini kwa mtoto wake, moyo umejaa furaha. Akafungua mlango wa Mama Clémentine, Adèle akainua mikono, "Mama!", Kabedi akapepesa macho tena, akajikuta amesimama barabarani, asubuhi ya pili yake, anafunga vifungo vya blauzi, anakwenda kazini.

"Jana ulimutunza mutoto muzuri sana," Mama Clémentine alimwambia kutoka uani. "Uliimba mupaka homa ikashuka. Sikujua uko na sauti ya vile."

Kabedi hakuwahi kujua kuimba. Hata kanisani alikuwa anafungua mdomo tu.

Angeacha hapo, nawaambia, angepona. Lakini shefu alikuwa ameona kazi inavyokwenda. Juma hilohilo akamfukuza Emerance, mpiga mashine mwenzake, mjane mwenye watoto wanne. "Mashine inatosha, na Kabedi." Emerance akapita mbele ya meza ya Kabedi akatema mate chini. Barua zikawa tisini. Kabedi alijaribu kwa mikono yake siku mbili nzima, vitufe vya mkato vyote tisa, akafikia thelathini, jenereta ikazima.

"Nyumba unayolala ni ya kampuni, citoyenne," Kalonji alisema polepole, akichokoa meno. "Sisi hatulazi wavivu."

Akabonyeza tena, na tena. Aliyemo mle ndani ya mashine alifanya kazi bila kulalamika, na ujira wake aliuchukua nyumbani, saa za Kabedi na mtoto. Kabedi alibakiwa na makombo: dakika kumi za asubuhi, Jumapili kidogo. Katika makombo hayo alianza kuona mambo, kwamba mtoto ana pengo mdomoni na yeye hakuliona jino likitoka, kwamba nywele zake zimesukwa msuko asioujua, kwamba sufuria jikoni zimehamishwa kutoka mahali pake na Adèle anazijua zilipo na yeye anazitafuta, kwamba chumba chote kinanuka nywele zilizoungua na mtoto anaivuta harufu ile kwa raha, puani, kama wengine wanavyovuta harufu ya titi.

"Uimbe ile ya jana," Adèle alimwomba.

"Ile gani, mama yangu?"

Mtoto akamtazama. Akautoa mkono wake taratibu kutoka kwenye mkono wa Kabedi. "Mikono yako iko baridi," akanong'ona. "Rudisha mama."

Kabedi alilia njia nzima. Yeye, Mkristo wa Kasai, binti wa katekista, akamwendea Bibi Aziza kwa kujificha, mganga mwenye kusomea majini, akamweleza yote: kitufe, harufu, saa zilizoibiwa. Bibi akakubali kuja nyumbani kwake Jumapili mchana.

Alikuja na chetezo na ubani. Akafunga dirisha, akamkalisha Kabedi mkekani, akamfunika shuka jeupe, akasoma. Jasho likamtoka Kabedi, taya zikalegea, na sauti ya pili ikapanda kooni mwake, tamu, laini, ikitoka kwenye mdomo uleule.

"Bibi, karibu kwetu."

Mama Clémentine, aliyesimama mlangoni na mtoto, akajishika kichwa. "Yesu wangu!"

"Muko wawili umu ndani," Bibi Aziza alisema. "Mumoja ni mama, mumoja ni mwizi. Jini anajua karatasi na mashine. Mama anajua mutoto. Munijibu. Jino la mutoto lilitoka siku gani?"

Kabedi akatafuta. Hakupata kitu.

"Siku ya tatu ya juma," ikajibu sauti tamu. "La chini, kuume. Tulilitupa juu ya manjanja ya paa, tukacheka."

"Akiogopa, analala namna gani?"

"Anashika sikio langu."

"Na ugali, anaanza na nini?"

"Hapana!" Kabedi alipiga kelele. "Mimi njo nilimuzaa! Siku mbili za uchungu, mvua inanyesha, bila mume! Mutoto ni wangu, wangu mimi!"

"Kuzaa, hata mbuzi anazaa," sauti tamu ikasema, bila hasira.

"Majini yote inapigaka kelele vile," Bibi Aziza akanong'ona. Akamgeukia mtoto. "Mutoto, usiogope. Mama yako ni nani?"

Ile sauti ikaanza kuimba, chinichini. Adèle akavuka chumba, akapanda mkekani, akaingiza mkono chini ya shuka, akashika sikio.

"Basi wewe mwingine," Bibi Aziza akasema, akimwaga ubani wote juu ya makaa, "toka! Rudi kwenye chuma chako!"

Kabedi alitaka kumwita mtoto kwa lile jina la ndani, akalifikia, likawa tayari mdomoni, lakini mdomo haukuwa wake tena, wala ulimi, wala sikio lile lenye vidole vidogo vya moto, na kitu kikamvuta kwa nyuma kama uzi unaochomolewa kwenye nguo, kupitia moshi, kupitia ukuta, juu ya mabati ya Kasuku yanayometa, mpaka mahali pembamba, peusi, pasipo na sauti.

Alikaa humo usiku kucha, akivipigapiga vitufe kwa chini. Ndiyo joto lile.

Asubuhi akasikia kiti kinavutwa. Akasikia mtu anapakata mtoto.

"Mama, vitufe iko na joto."

"Njo vile, Adèle. Tafuta ya kumi. Bonyeza, kazi itaisha, twende kwetu."

Kidole kidogo kikamgusa. Alikijua. Alitaka kubaki chini yake hata kitambo kimoja tu, lakini barua zilikuwa tisini, na mikono yake ilikwisha anza kuchapa ya kwanza.