Matundu Matatu ya Nyumba ya Kenza

Ndoo ilijazwa maji saa mbili asubuhi, na kufika saa tatu ilikuwa tupu, wala hakuna aliyepiga deki. Sakafu kavu. Zilizolowa ni picha ukutani, zote, upande wa chini, kama zimeguswa na vidole vyenye maji.

"Unyevu tu," alisema Kenza, mwenye nyumba. "Si unajua nyumba za kale."

Nyumba zenyewe ni tatu, urithi wa babu yake, katikati ya mji wa kale wa Fez. Alizitoboa kuta za kati akazifanya jumba moja la kuonyeshea picha, na alasiri ya siku hiyo wageni walikuwa waje kulifungua. Kila ua ulikuwa na tundu lake la kutolea maji. Kenza hakutaka mgeni atumbukize kisigino, basi Fundi Alal akayaziba yote kwa saruji, juu akapanga vigae vya rangi.

Sasa sisi huku, hata maji ya moto humwagi tunduni bila bismillahi na kuwaomba wenyewe, majini wakaao humo, wapishe. Kuziba ndiyo kabisa: unamimina maziwa, unaweka mkate usiotiwa chumvi, unangoja siku tatu wahame. Alal alilijua hilo tangu utotoni. Lakini Kenza alikuwa akimhimiza, naye akajitia hamnazo. Haraka haraka haina baraka, jamani, wazee hawakukosea.

Adhuhuri ikasikika sauti chini ya vigae vya ua wa kwanza, kitu kinafyonza taratibu, na harufu ya sabuni nyeusi na majivu mabichi ikajaa. Nuzha, binti wa Kenza wa miaka sita, alikuwa amelala kifudifudi, sikio sakafuni.

"Mama," alinong'ona, "kuna bibi huku chini. Anasema koo lake limezibwa."

"Inuka, unachafua gauni."

Mtoto akainuka, akaomba maji, akanywa, yakarudi. Akapewa tena, yakamtokea puani, na kila Kenza alipomwinamisha na kumpiga mgongoni ile sauti ya kufyonza ilizidi chini ya miguu yao, mpaka mate yenyewe yakawa hayashuki, yanamtiririka kifuani, macho yamemtoka, mkono wake mdogo umeshika koo.

Alal alikimbia kumwita Lalla Tamu, mfukiza ubani wa mtaa wa pili. Bibi aliingia na chetezo chake, akanusa, akasimama juu ya vigae.

"Nani kaziba hapa?"

Alal akainua mkono.

"Mliwataka radhi wenyewe?"

"Hatukuwataka, bibi," alijibu kwa sauti ya chini.

"Basi mmewaziba koo, nao wameziba koo. Vunjeni."

Kenza alivitazama vile vigae. Miezi minane ya kazi. "Wageni wanakuja saa kumi, bibi. Kesho haifai?"

"Kesho mtakuwa mnamwosha."

Kenza aliichukua nyundo mwenyewe. Alipiga akilia, na saruji ilipopasuka ikatoka pumzi baridi, ndefu, iliyozipeperusha picha ukutani. Lalla Tamu akamimina maziwa tunduni, akinong'ona maneno yake. Nuzha akapewa kikombe. Akameza. Akaomba kingine. Kenza akamkumbatia, akimwomba msamaha mtoto asiyejua kosa ni lipi.

Ikaletwa chai ya mnanaa. Bibi alikuwa anakusanya vitu vyake, akauliza tu, kwa mazoea, "Nyumba hii ilikuwa moja tangu zamani?"

"Tatu," alisema Kenza. "Tumeziunganisha."

Lalla Tamu akaweka chetezo chini polepole.

Alal alikuwa amekwisha kuinua glasi. Chai iliingia kinywani, ikarudi, ikamtiririka kidevuni, naye akashika koo huku akiwatazama. Kutoka ua wa pili ikaanza ile sauti ya kufyonza. Kisha ikaitikiwa na nyingine, ua wa tatu.

Kenza akaifuata nyundo mbio, na njiani, kwa hofu tu, akajaribu kumeza mate. Hayakushuka.