Sakafu ya Pijo

Kila Jumamosi baada ya chai, Haika alivaa ovaroli kuukuu ya baba yake, akaikunja mikono, akashuka ngazi za ghorofa lao la Thamesmead, London, mpaka gereji. Humo lilikaa Pijo 504, gari lililozeeka kabla yeye hajazaliwa. Baba yake, Godlisten, alikuwa fundi bodi Moshi. Siku hizi aliendesha basi mjini humo London. Alilinunua Pijo likiwa limeliwa na kutu, akasema watalifufua wao wawili.

Watu walicheka. Akil, jirani aliyesoma darasa moja na Haika, aliliita mkweche mbele ya wenzake wote, akasema mahali pake ni kwenye vyuma chakavu. Kwa kawaida Haika alimjibu baba kwa Kiingereza hata akisemeshwa Kiswahili, lakini akikasirika Kiswahili chote kilimjia mdomoni.

"Shangazi Aikaeli anaolewa mwezi ujao," alimwambia baba siku hiyo. "Atakwenda kanisani na Pijo hili. Nimeshasema, na sirudi nyuma."

Baba alicheka, akakubali.

Kazi ya Haika ilikuwa sakafu ya nyuma, upande wa kushoto. Alitakiwa kukwangua kutu yote mpaka chuma kizima kionekane, ndipo baba achomelee bati jipya. Alikwangua na kukwangua, na kila alipodhani amemaliza, tundu la kutu lilizidi kupanuka. Siku moja, baba akiwa kazini, uvumilivu ulimwishia. Akaziba tundu kwa puti, ile ya kujazia mabonde ya bodi, akaisugua kwa msasa, akapaka rangi nyeusi na kutandika kapeti. Baba alipouliza, alisema kutu imetoka na chuma chote ni kizima. Baba alimwamini, akarudi kwenye injini.

Siku chache kabla ya harusi, injini iliwaka. Gari lilikuwa limekwisha kupakwa rangi, likang'aa, isipokuwa mlango mmoja uliokuwa bado kijivu. Baba akafungua mlango wa nyuma wa kushoto.

"Karibu, fundi," alisema. "Gereji kwetu Moshi, aliyetengeneza sakafu ndiye wa kwanza kuikanyaga gari likitembea."

Haika hakusogea. "Siingii."

"Kwa nini?"

"Sitaki tu."

Baba hakubishana naye. Aliinua kapeti, akachukua nyundo, akagonga huku na huku. Chuma kililia, lakini penye puti palitoa mlio mzito. Akagonga tena, nyundo ikapenya, na sakafu ya gereji ikaonekana chini.

Haika aliona aibu, ila hakuinamisha kichwa. Alisema hakutaka gari lichelewe harusi, Akil apate nafasi ya kumcheka. Tena, nani angechungulia chini ya kapeti?

"Kwa sheria ya hapa, gari la umri huu halilazimiki kukaguliwa kila mwaka," baba alisema. "Wakaguzi wake ni mimi na wewe. Na atakayekaa hapa Jumamosi ni dada yangu." Akazima injini, akasema bibi harusi atakwenda kwa teksi.

Maneno hayo yalimchoma kuliko kicheko cha Akil.

"Nilikudanganya, baba. Nisamehe," alisema. "Lakini shangazi hapandi teksi. Puti yote nitaing'oa mwenyewe."

Baba alimtazama, kisha akampa patasi.

Kila jioni iliyobaki walikuwa gereji. Haika alikwangua mpaka viganja vikatoka malengelenge, na safari hii hakuacha hata doa. Ndipo baba akachomelea bati jipya. Muda wa kupaka rangi ule mlango mmoja haukupatikana, ukabaki na kijivu chake.

Jumamosi walipotoka, Haika akiwa amekaa juu ya kazi yake, Akil aliunyooshea mlango wa kijivu kidole akicheka. Haika alishusha kioo.

"Mlango tutaupaka wiki ijayo," alimwambia. "Njoo ugonge sakafu."

Huko Woolwich, walikokwenda kumchukua bibi harusi, Shangazi Aikaeli alikuwa ameshasikia habari yote. Aliinua gauni, akaingia, akapiga kisigino sakafuni kwa nguvu. Chuma kikalia.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, hata ikipakwa rangi," alisema. "Rangi ni ya wanaotutazama, lakini sakafu ni ya wanaotuamini. Muda ukikubana, anza na hao."

Kisha akamgonga kaka yake begani, akamwambia aondoe gari, kanisani wanasubiri.