Mgawo wa Filamu za Mbweha

—Hii ni yako au yangu?

—Weka popote.

—Sitaki popote, Miwani. Nataka kujua ni ya nani.

—Basi yako.

Lifti aliigeuzageuza ile kanda mkononi, akaitia kwenye boksi lililokuwa karibu na mlango. Hilo ndilo lilikuwa boksi lake. La mkewe lilikuwa chini ya dirisha, na mpaka saa hiyo lilikuwa karibu tupu.

Walikuwa wamekaa sakafuni, filamu zimejaa katikati yao. Makochi, friji na kabati walikwisha kugawana kwa simu, kwa meseji zisizo na salamu. "Friji baki nayo." "Sawa." "Kabati?" "Chukua." Zilibaki filamu, na hizo hazikugawanyika kwa meseji. Kila mmoja alikuja na zake kwenye ndoa, zikachanganywa kwenye rafu moja, na sasa ilibidi wakae chini wazichambue kabla ya kwenda kutia sahihi talaka.

Shangazi, aliyemlea Miwani tangu mama yake alipofariki, alikuwa kwenye kochi, mkoba mapajani.

—Nimekuja kusimamia tu —alikuwa amesema alipoingia—. Msije mkatoana macho.

Lakini kutoana macho kunataka hasira, na Miwani hasira hakuwa nayo. Hakuwa na kitu. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa akienda kazini, anakata vioo vya miwani, anawauliza wateja kama wanaona herufi za chini, anarudi, analala. Mtu akimuuliza hali, anajibu nzuri. Wenzake kazini walisema amejikaza. Hakujikaza. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama shavu la mtu aliyetoka kung'olewa jino.

—Hii je? Mbweha ameshika bastola mkono wa kushoto.

—Yako. Ulikuja nayo.

—Ulikuja nayo wewe.

—Basi yangu.

Mbweha alikuwa jasusi wa kwenye filamu. Alianza kuigizwa Lifti na Miwani hawajazaliwa, na mpaka leo anaigizwa. Mwigizaji akizeeka anawekwa mwingine, Mbweha mwenyewe hazeeki. Filamu zilitoka kwanza kwa kanda, zikaja kwa diski, zikaja tena kwa diski za picha safi zaidi. Kwa mtu wa nje ni filamu zile zile. Kwa hawa wawili hazikuwa zile zile hata kidogo. Kuna toleo lililokatwa mapigano ya kwenye treni, kuna toleo ambalo mwongozaji anaongea mwanzo mpaka mwisho, na kuna hilo la bastola, ambalo mchapaji aliligeuza jalada kwa bahati mbaya, Mbweha akawa wa mashoto.

Jalada hilo ndilo lililowakutanisha. Duka moja la kukodisha kanda lilikuwa linafungwa, linauza kila kitu, na mikono miwili ikafika kwenye kanda moja.

—Dada, mimi nimeiona kwanza.

—Kaka yangu, kuona ni kuona, kushika ni kushika. Mimi nimeshika.

—Hata mimi nimeshika.

—Wewe umeshika kidole changu.

Mwanamume alikuwa fundi wa lifti, bado amevaa ovaroli. Mwanamke alikuwa fundi wa miwani, na yake mwenyewe imemshuka puani. Hawakuulizana majina siku hiyo. Mmoja akawa Lifti, mwingine akawa Miwani, na hata kadi ya harusi ilipochapwa, marafiki walilalamika kwamba hawawajui hao walioandikwa humo.

Walipendana kwa kelele. Walibishana Mbweha wa pili na Mbweha wa nne nani zaidi, mpaka jirani anagonga ukuta. Sasa walikuwa wanagawana jasusi huyo huyo kwa sauti za watu wanaopanga viti vya ukumbini.

—Na hili? —Lifti aliuliza.

Lilikuwa kopo la bati jeusi, ndani yake filamu zote za zamani za Mbweha. Nailoni yake haikuwa imechanwa.

—Chukua.

—Silitaki.

—Ni wewe uliyelifuata.

—Ni wewe uliyenituma.

Ilikuwa kweli. Mzee mmoja wa mji mwingine, naye mkusanyaji, alipiga simu kwamba analo na yuko tayari kuliachia. Miwani alikuwa na mimba ya miezi saba. Alimsukuma mumewe mlangoni akicheka: "Nenda bwana, mtoto hana haraka." Lifti alikwenda. Njiani mtandao wa simu ukakatika. Na mtoto, kumbe, alikuwa na haraka, akazaliwa siku hiyo hiyo, akazaliwa amekufa.

—Litupeni —Shangazi alisema kutoka kwenye kochi—. Kopo tu hilo, mnaligombania la nini?

—Hatuligombanii, Shangazi. Hakuna anayelitaka.

—Mimi silitaki hata kuliona —Lifti alisema, akalisukuma pembeni—. Liliniaibisha vya kutosha. Kufukuzwa mlangoni kama mwizi, nalo liko kwapani.

Miwani alikuwa anafuta diski kwa kitambaa cha kufutia vioo. Aliendelea kufuta.

—Mlango gani?

—Tuyaache hayo.

—Nauliza tu. Mlango gani?

—Mlango wa wodi, Miwani. Wodi ya wazazi. Mlango gani mwingine?

—Hukuja hospitali.

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama anavyomwambia mteja namba ya jicho lake.

—Nilikuja.

—Hukuja, Lifti. Niliuliza. Nilipoamka niliuliza, nikaambiwa hujafika. Kesho yake nikauliza tena.

—Nilitoka stendi moja kwa moja mpaka hospitali! Lifti yao mbovu, nikapanda ngazi mpaka juu. Shangazi si huyu hapa? Alinikuta mlangoni, akaniambia hutaki kuniona. Nikasema sitoki mpaka nisikie kwako mwenyewe. Ndiyo ukanitumia ile meseji.

—Meseji ipi?

Lifti alimtazama. Akatoa simu, akaitafuta, akamnyooshea mkewe. Hakuwa ameifuta mwaka mzima.

"Usiingie. Umechagua sinema zako, kaa nazo. Usinitafute tena."

Ilitoka kwenye namba yake. Miwani aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena.

—Siku ile nilitolewa chumba cha upasuaji nikiwa nimelala —alisema polepole—. Nilipozinduka sikuweza hata kushika kijiko. Simu yangu haikuwa kwangu.

—Ilikuwa kwa nani?

Miwani aligeuza shingo kuelekea kwenye kochi, na Lifti naye akageuza.

Shangazi alikuwa ameukumbatia mkoba wake.

—Msinitazame hivyo —alisema.

—Shangazi, ni wewe uliyeandika?

—Mwanangu...

—Nauliza, ni wewe?

—Ni mimi.

Nje kuna mtu alikuwa anaosha mkokoteni wake, maji yanachuruzika.

—Niliandika, nikatuma, nikaifuta kwenye simu yako —Shangazi alisema—. Mnataka niseme kwa nini? Nitasema. Nimetoka kukabidhiwa maiti ya mjukuu wangu mikononi. Nafungua mlango wa wodi, namkuta baba yake anahema, kopo la sinema liko kwapani. Kwapani, mwanangu! Nikasema, huyu ni yule yule. Ni kama mume wangu mimi, aliyeniacha na homa akaenda kutazama mpira, hajarudi mpaka leo. Nikasema kwa huyu mtoto niliyemlea, hapana.

—Sikujua, Shangazi —Lifti alisema—. Nilikuwa sijaambiwa chochote. Niliona simu nyingi zimepigwa, nikajua tu yuko hospitali. Kopo sikukumbuka hata kama ninalo.

—Sasa najua. Siku ile sikujua.

—Na baadaye? —Miwani aliuliza—. Mwezi mzima nimelala kwako. Mwezi mzima.

—Nilitaka kusema. Nilidhani ni hasira ya siku mbili, kisha atakuja, mtagombana, mtapatana. Hakuja. Na wewe ukaacha kumuulizia. Ukaacha kuuliza kitu chochote. Kila siku nikasema kesho.

Lifti hakuja kwa sababu alikuwa ameambiwa asije. Alipanga chumba karibu na kazini kwake, akaandika: "Nimehama. Funguo ziko kwa jirani." Miwani akajibu: "Sawa." Mwaka wao wote ulikuwa umeingia kwenye hilo neno moja.

Shangazi aliinuka. Alisubiri apigiwe kelele, atukanwe hata. Miwani alikuwa anamtazama tu, macho makavu, kama anatazama mtu anayepita barabarani. Shangazi akashindwa kustahimili, akatoka nje.

Wakabaki wawili na rundo la filamu.

—Sema kitu —Lifti alisema.

—Sina.

—Hata mimi sina. Nilidhani siku nikijua kwamba hukunifukuza, nitaruka mpaka darini.

—Na?

—Sijaruka.

Akachukua diski moja, akairudisha chini. Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kupata wa kumuuliza.

—Alikuwa mtoto gani?

—Wa kike.

Lifti aliitikia kwa kichwa. Aliendelea kuitikia, mara nyingi, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia ndefu.

—Alifanana na nani?

—Sijui. Sikumwona. Nilivyopata nguvu za kuinuka ameshazikwa.

—Nani alimzika?

—Shangazi.

Wakatazamana, na wote wawili wakaelewa kitu kimoja. Mtu pekee duniani aliyewahi kumwona mtoto wao alikuwa nje, pengine ameshaondoka.

Hakuwa ameondoka. Walimkuta amekaa kwenye ngazi, anahangaika kufunga kamba ya kiatu, kamba haikamatiki. Lifti alichuchumaa, akamfungia.

—Tupeleke, Shangazi —Miwani alisema.

—Wapi?

—Unapajua.

Walikwenda kwa miguu, maana makaburi hayakuwa mbali. Shangazi alitangulia, magoti yakimuuma, hataki kushikwa mkono. Miwani alipita njia hiyo kila siku akienda kazini, upande wa pili wa ukuta, bila kujua. Hilo nalo alilipokea bila kushtuka.

Kaburi lilikuwa dogo kiasi kwamba Lifti alilipita, ikabidi Shangazi amwite. Majani yalikuwa yamepaliwa. Pembeni mtu alikuwa amepanga mawe madogo na kuyapaka chokaa, na chokaa ilikuwa ya juzi juzi.

—Nani analitunza? —Lifti aliuliza.

Shangazi alijifanya hajasikia.

Lifti alipiga magoti. Alilia bila kujificha, kilio cha mwanamume asiyezoea kulia, kibaya kwa sauti. Miwani alisimama akingojea na yeye machozi yamjie. Hayakuja. Alihisi jua kisogoni. Aliona sisimizi anapanda jiwe.

—Ulimvika nini? —alimuuliza Shangazi.

—Ile sweta ya kijani uliyomfuma. Mikono ilikuwa mirefu, nikaikunja.

—Mirefu kiasi gani?

—Hivi —Shangazi alionyesha kwenye kidole chake, kuanzia ncha mpaka kifundo cha kwanza.

Miwani alikitazama kile kidole. Kilichomjia hakikuwa machozi. Kilikuwa maumivu, chini ya mbavu, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka. Akatafuta pa kushika, akashika kola ya shati la Lifti, akaing'ang'ania.

—Inauma —alisema kwa mshangao.

—Najua.

—Hapana, Lifti. Inauma. Ilikuwa haiumi.

Lifti aliinuka akamshika, naye akashikika. Walisimama hivyo mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia. Shangazi alikuwa amewapa mgongo, anang'oa jani ambalo halikuwepo.

—Twende —hatimaye Miwani alisema.

—Wapi? —Lifti aliuliza, maana kila mmoja alikuwa na ufunguo wa mlango wake.

—Nyumbani. Ukitaka.

—Nataka.

Walipiga hatua chache. Miwani akasimama, akageuka. Shangazi alikuwa hajasogea, mkoba kifuani, hajui kama ameitwa au ameachwa.

—Sijakusamehe —Miwani alimwambia—. Sijui hata kama nitaweza. Usije ukaniuliza leo.

—Sitakuuliza, mwanangu.

—Haya. Twende.