Herufi Moja Mezani

"Mbona huli?" Fundi aliuliza, akihangaika na vijiti vyake.

Mwalimu akajibu kwamba anakula. Uongo mtupu. Bata wa kuchoma alikuwa mbele yake, ngozi inameremeta, na yeye hajamgusa. Mgahawa huo wa Wachina ulikuwa ghorofa ya tisa, wahudumu wakitembea utadhani kuna mtoto kalala. Fundi ndiye aliyetengeneza lifti ya jengo hilo, na tangu siku hiyo aliapa kumleta mpenzi wake.

Chanzo cha yote kilikuwa ujumbe ambao Fundi alimtumia Mwalimu Jumatatu:

"Mpenzi, nitakuoa Jumamosi mchana, mgahawa wa Wachina. Upendeze."

Mwalimu anafundisha herufi watoto wa chekechea, na anajua vidole vya mtu wake vinavyoteleza kwenye simu. Lakini ukingoja neno moja miaka mitatu, unaliona hata pasipo nalo. Kosa lake lilikuwa kumwonyesha shangazi. Shangazi akaamua hiyo ni posa, na kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa na habari.

Simu ikaita. Shangazi huyo.

"Kashatamka?"

"Bado, shangazi. Tunakula."

"Anakula nini huyo, si aseme kwanza?"

Mwalimu akakata simu. Fundi akataka kujua nani amemkera. Hapo uvumilivu ukamwishia Mwalimu. Akafungua ule ujumbe, akaiweka simu kwenye kioo cha katikati ya meza, kile kinachozunguka, akakisukuma taratibu mpaka ikamfikia mwenzake.

"Hebu nisomee ulichoandika."

Fundi akasoma, akarudia, midomo inacheza. Kijiti kimoja kikamponyoka.

"Nilitaka kuandika nitakuona," alisema kwa sauti ya chini. "N imeruka."

Ilimkata maini Mwalimu. Alivuta mkoba wake, akasema si neno, mtu yeyote hukosea, nyumbani atawaeleza mwenyewe. Machozi yalikuwa yanamlengalenga na hakutaka yaonekane pale.

"Kaa kwanza. Umekuwa na ujumbe huu tangu Jumatatu, na bado umekuja?"

"Nimekuja."

"Kwa hiyo ungekubali?"

"Ulidhani nimevaa hivi kwa ajili ya bata?"

Fundi alishusha pumzi ndefu. Akamweleza kwamba mwaka mzima amekuwa akiogopa kukataliwa, kwamba kila akifungua mdomo aliseme lile neno, anajikuta anaagiza chakula. Halafu akatoa simu yake, akabonyeza herufi mojamoja, ulimi nje kama mwanafunzi.

Simu ya Mwalimu ikalia mezani. Akakizungusha kioo mpaka ikamrudia.

"Nitakuoa. Safari hii hakuna kilichoruka."

Aliusoma kwa jicho la kazini, herufi kwa herufi, mpaka mwisho. Kifua kikamwachia, machozi yakamtoka na kicheko juu yake.

"Hakuna kosa hata moja," alisema. "Sasa mpigie shangazi wewe mwenyewe, mimi nile."