Shairi Lililolala Kinywani mwa Fieka

Kwaru, kwaru, kwaru. Gizani, kabla jogoo wa jirani hajawika, Fieka alisikia kisu kikikwangua kopo upande wa pili wa ukuta. Mjomba wake, Oom Apools, alikuwa anachanganya rangi. Ukuta wenyewe ulikuwa wa matete na udongo, mwembamba hata kikohozi kilipita bila kubisha hodi.

"Umeamka, karatasi yangu?"

"Nimeamka, Oom."

"Haya, shika."

Akasema mstari mmoja, Fieka akaurudia. Akasema wa pili, Fieka akaunganisha yote miwili. Hivyo ndivyo mjomba na mpwa walivyoandika.

Oom Apools alikuwa mchoraji na mshairi. Alisomea uchoraji Cape Town, akazunguka nchi za mbali, akarudi na mashairi yaliyowaambia wakubwa kwamba kuwatenga watu kwa rangi ya ngozi ni dhuluma. Aliyatunga kwa Kiafrikana, lugha ya jikoni kwa mama yake, na kwa lugha hiyohiyo jaji akamsomea kifungo. Alipotoka gerezani aliwekewa amri: asikae na mgeni zaidi ya mmoja kwa wakati, asihudhurie mkusanyiko wowote, na jina lake lisitajwe hadharani, wala maneno yake kuchapishwa au kunukuliwa. Polisi walipokuja kupekua waliondoka na kila karatasi yenye maandishi. Kuchora hakukukatazwa, basi alichora juu ya milango ya makabati mabovu. Mashairi aliyaweka mahali ambapo mkono wa sajenti haufiki: kichwani mwa Fieka, binti wa miaka kumi na miwili.

Watu wa kijiji hawakumtupa. Walimjia mmojammoja, wengine wakingoja zamu kwenye benchi nje ya mlango. Ouma, bibi yake Fieka, aliwatania kwamba nyumba yake imegeuka ya mng'oa meno, tofauti ni kwamba hapa watu hutoka wakicheka.

Mwaka huo, sikukuu ya shukrani ya mavuno ilipokaribia, Mwalimu Arendse aliwaambia wanafunzi watunge shairi kuhusu kijiji chao. Litakaloshinda lingesomwa kanisani, kisha lichapishwe katika gazeti la kanisa pamoja na jina la mtunzi. Fieka alitafuna penseli mpaka rangi ikamganda midomoni. Hakuna kilichokuja. Kisha mistari ikaja yenyewe, laini, kama mtu anayerudi kwake. Ilikuwa imelala kinywani mwake muda mrefu hata hakuisikia tena kuwa ya mtu mwingine.

*Maji hayaulizi shamba ni la nani,*
*hupita mlangoni kwangu yakienda kwako.*
*Ukiyaziba leo kwa jiwe,*
*kesho yatakuja kwa chini, kimya.*

Alipofika mstari wa mwisho alijua vizuri anachofanya. Akajiambia kwamba jina la Oom haliruhusiwi kutajwa, kwa hiyo anamlinda. Akaandika jina lake chini.

Mwalimu alilisoma mara mbili, akavua miwani na kuipangusa. Jumapili iliyofuata jina la Fieka likatangazwa mimbarini, mistari ya kwanza ikasomwa, watu wakashangilia. Darasani, Sanna Koopman, ambaye ulimi wake haukujua likizo, alimzunguka akimkagua.

"Mwenzetu hata insha ya ng'ombe ilimshinda, leo mshairi. Au ng'ombe mwenyewe ndiye aliyekuandikia?"

Darasa zima likacheka. Fieka naye akacheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni.

Jioni Tannie Baatjies, mama aliyepiga kinanda kanisani, alipata zamu yake jikoni. Fieka, akiwa chumbani, alimsikia akimpongeza Oom Apools kwa mpwa mwenye kipaji, akisema amelia kwa sababu ya shairi la mtoto. Akatamka mstari wa kwanza. Kisha Oom akamwomba aseme na wa pili. Tannie Baatjies akausema.

"Ni shairi zuri," Oom alisema taratibu, akammiminia kahawa.

Alfajiri, kisu kilikwangua kopo. Fieka akaketi kitandani, akangoja. Hakuna aliyemwita. Alfajiri iliyofuata ilikuwa vilevile: kwaru, kwaru, na baada yake kimya. Afadhali angegombezwa.

Alimfuata Ouma nje kwenye tanuri, akamweleza yote, akamwomba amsemee. Ouma akatoa mkate, akaugonga upande wa chini kusikiliza kama umeiva.

"Mimi si mlango wa kupitia, mwanangu. Mlango wake unaujua."

Basi Fieka akaenda. Oom alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa kabati, akichora mfereji wa kijiji. Hakugeuka.

"Oom, niliandika jina langu kwa sababu lako limekatazwa. Nilikuwa nakulinda."

"Ulinilinda." Akafuta brashi kwa kitambaa. "Na waliposhangilia, nani alipokea?"

Fieka akatazama miguu yake. "Mimi."

"Ulifurahi?"

"Nilifurahi, Oom. Kidogo. Kisha ikaniuma."

Hapo akageuka. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Fieka zaidi. "Nisikilize. Serikali imekataza watu wasinitaje. Hiyo ni dhuluma, lakini hata serikali haijasema shairi langu ni lake. Gerezani nilijifunza kwamba kuna siku mtu hukaa kimya ili mwenzake asiumizwe. Kunyamaza hivyo si kusema uongo. Hukulazimika kusema shairi ni la nani. Ulilazimika kusema tu kwamba si lako. Ukweli hauhitaji maneno mengi, mpwa wangu, na hata panapobaki upenyo mwembamba, mtu mwaminifu huutafuta akapita hapo."

"Na sasa limeshatangazwa."

"Lililotangazwa kwa kinywa hurekebishwa kwa kinywa." Akamgusa kichwa, mkono una rangi ya buluu. "Karatasi yangu imekunjwa, haijachanika."

Siku hiyohiyo Fieka alimwendea Mwalimu Arendse. Alieleza akilia kwamba shairi halikutoka kwake. Mwalimu alitazama dirishani, kuelekea nyumba ya Ouma.

"Sitakuuliza la nani, nawe usiniambie," alisema. "Nyimbo za wazee hazina jina, nazo huchapishwa. Litatoka gazetini bila jina, na mimi nitajibu nikiulizwa. Lakini jina lako lilitajwa mbele ya watu. Hilo siwezi kukuondolea mimi. Utalisoma shairi, na utasema mwenyewe."

Siku ya shukrani kanisa lilinukia maboga, zabibu na mkate. Bendi ya tarumbeta ilipiga mpaka vioo vikatetema. Kila mtu alikuwepo isipokuwa mmoja, aliyebaki nyumbani na rangi zake. Nyuma kabisa, kofia magotini, aliketi sajenti aliyezoea kupekua nyumba yao. Hakuja kushukuru mavuno. Alikuja kusikiliza nani anasema nini.

Fieka alipanda mbele. Akasoma. Sauti ilitetemeka kwenye jiwe, ikatulia kwenye maji. Wazee wakafumba macho. Tannie Baatjies akatoa kitambaa. Hata Sanna Koopman alisahau kumcheka mtu.

Kisha makofi yakaanza, yakapanda hadi darini. Ilikuwa rahisi kushuka. Ngazi zilikuwa pale pale, na Ouma alikuwa amemwachia nafasi pembeni yake. Fieka akainua mkono, akangoja makofi yafe yote, hata la mwisho. Sajenti akainua kichwa. Mwalimu Arendse akakaa sawa kwenye kiti chake.

Fieka akavuta pumzi, akasema, "Shairi hili si langu."