Kanuni Mbili, Harusi Moja

Feni ya steshenari ya Maili Moja iligeuka ghafla na kupeperusha karatasi zote zilizokuwa mezani. Msichana mwenye gauni la kitenge cha rangi ya maboga na kijana wa shati jeupe waliinama kwa pamoja kuziokota.

"Hizi zangu, kaka. Kanuni za huduma za malipo."

"Zangu ni za usalama wa mtandao." Kijana akasoma ukurasa alioushika. "'Mtoa huduma ataripoti tukio mara moja...' Hii ya nani sasa?"

"Yangu. Hapana, ngoja." Msichana akacheka. "Zinafanana kama mapacha! Unafanya kazi wapi?"

Kijana alipotaja kampuni ya malipo ya simu, makao makuu hapo hapo Kibaha, msichana aliacha kuokota.

"Usiniambie wewe ndiye Didas wa barua pepe."

"Atupele wa tawi la Kisarawe? Yule wa 'rejea ujumbe wangu wa awali'?"

"Ndiye mimi. Na bado hujaurejea."

Walikuwa wamegombana kwa maandishi tu, juu ya nani alinganishe kanuni hizo mbili ili kampuni isifanye kazi moja mara mbili. Tangu siku hiyo walizilinganisha pamoja, kila jioni, kwa simu. Palipo na takwa linalofanana walifuata kanuni iliyo kali, na zote mbili zikawa zimetimizwa. Didas aliipenda sana njia hiyo.

"Umekula, mpenzi?"

"Tumalize kipengele hiki kwanza."

"Kipengele hakishibishi, Atu."

Kazi ikageuka mapenzi, wakaanza kuzungumzia ndoa. Didas ni Mkatoliki wa Mlandizi. Atupele anaimba kwaya ya Kilutheri kule Kisarawe, na baba yake, Mzee Zablon, ni mzee wa kanisa hilo.

"Rahisi," Didas alisema kwenye simu. "Mafundisho ya ndoa, kwenu yapo, kwetu yapo. Matangazo, kote yapo. Tunafuata iliyo kali, yaani ya kwetu, tumemaliza."

Upande wa pili, daftari likafungwa kwa kishindo.

"Atu?"

"Kwa hiyo ya kwetu ni legelege?"

"Sikusema hivyo."

"Baba ameniombea katika kanisa lile tangu nibatizwe. Wewe umelifuta kwa sentensi moja. Usiku mwema, Didas."

Baada ya hapo zilikuja barua pepe za kazi tu, zikianza na "Ndugu Didas". Neno hilo lilimuuma kuliko kukatiwa simu.

Kisha ikaja sehemu ya mwisho ya kazi yao, Atupele akiwa ameandika: "Kanuni kali haitoshi. Hii ya usalama inalinda mfumo, lakini haisemi mteja aliyekatwa pesa kimakosa alalamike wapi. Hilo limo katika ya malipo peke yake. Tukifuata kali tu, mtu huyo tutamsahau."

Didas alirudia kusoma. Mtu huyo. Akilini akamwona Mzee Zablon kwenye benchi la kanisa, binti yake akichukuliwa bila yeye kuulizwa neno.

Jumapili aliingia kanisani Kisarawe, shati jeupe limejaa vumbi la bodaboda. Kwaya ilipoanza, Atupele, ndani ya joho la zambarau, alimwona nyuma kabisa akakosa mstari wa kwanza.

Baada ya ibada, mnada wa kuku na mazao yaliyotolewa sadaka ulikuwa umepamba moto nje. Didas akamwona Atupele, akainua mkono kumpungia.

"Kaka wa shati jeupe, jogoo wako!" mnadishaji akapaza sauti.

Atupele alijaribu kununa, akashindwa. "Umekuja kununua kuku?"

"Nimekuja kumuuliza baba yako ni kipi cha kwenu nisichokijua. Ndipo nilipopaswa kuanzia."

"Na kanisani kwako?"

"Jana nilikwenda kwa paroko. Kibali cha kuoa Mlutheri kinaombwa kwa askofu. Wewe uendelee kuimba hapa, mimi nisali kule. Mengine tukae na wazee wa pande zote, kipengele kwa kipengele." Jogoo akapiga mbawa kifuani pake. "Nisamehe, Atu. Utakubali nikuoe?"

Atupele akampangusa vumbi kwenye kola, polepole, hata palipokuwa safi. Kabla hajajibu, Mzee Zablon alikuwa amefika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyo jogoo nimemtoa mimi asubuhi." Mzee akamtazama Didas, kisha kola, kisha mkono wa binti yake uliokuwa bado haujaondoka. "Sasa unamrudisha kwangu, au unampeleka wapi?"

"Tunakuja naye nyumbani, baba," Atupele alijibu. "Sisi wote wawili."